Timu Iliyotoka Sare Mara Nne, na Ndege ya 1959

Watu wangu wa Voi, leo hatuongei Premier League. Leo nawapeleka Los Angeles, mwaka wa 1939, kwenye mpira ambao wengi wetu tumeuona kwa filamu tu: ule wa Marekani, mabega yamejazwa, helmeti kichwani (siku hizo ilikuwa ya ngozi), na mpira wenyewe umechongoka ncha mbili kama papai.

Najua kuna mtu ashauliza, "Sasa hiyo inatuhusu nini sisi wa Taita Taveta?" Inatuhusu, tulia utaona. Lakini niseme msimamo wangu mapema ndio usinitafute baadaye: hii hadithi tunayolishwa kila siku ati "kipaji kitakutoa kijijini" ni nusu ya ukweli. Kipaji peke yake hakimtoi mtu. Nusu ya pili ni mlango: mlango wenyewe ni wa nani, na ni nani amelipia. Kuna timu moja ya wanafunzi inayoonyesha hili vizuri kuliko hotuba yoyote.

Vijana wenyewe

Chuo kinaitwa UCLA. Ni chuo kikuu cha umma, kilianza 1919, kwa hivyo mwaka huo wa 1939 kilikuwa bado kichanga, miaka 20 tu. Jirani yake ni USC, chuo cha binafsi, cha wenye pesa, chenye timu kali na jina kubwa. Wote wawili walikuwa wanatumia uwanja mmoja, Los Angeles Memorial Coliseum, ule ule wa Olimpiki ya 1932. Na hadi hapo UCLA haikuwa imewahi kuifunga USC hata mara moja.

Sasa, enzi hizo vyuo vingi vikubwa Marekani havikuwa na hata mchezaji mmoja mweusi kwenye timu ya mpira. Vya kusini ndio usiseme, vingine vilikataa hata kuingia uwanjani na timu yenye mtu mweusi. UCLA ikaja na wanne: Kenny Washington, Woody Strode, Ray Bartlett na Jackie Robinson. Na si wa kupamba benchi. Washington ndiye aliyekuwa moyo wa timu, anakimbia, anarusha, anakaba. Strode alikuwa jitu refu lenye misuli. Robinson alikuwa mwepesi hivi kwamba msimu ule kila alipopewa mpira akimbie, kwa wastani alikuwa anapata zaidi ya yadi 12. Kwa mchezo ambao yadi nne ni kazi nzuri, hiyo ni noma.

Kwa nini waende UCLA na si kwingine? Kwa sababu ilikuwa ya umma, ilikuwa nyumbani, na ilikubali kuwachezesha. Robinson alilelewa na mama yake, Mallie, aliyekuwa akifanya kazi za nyumba za watu kule Pasadena ili kulea watoto watano. Pasadena hiyo hiyo ilikuwa na bwawa la kuogelea la umma ambapo weusi waliruhusiwa siku moja tu kwa wiki. Kodi mnalipa wote, maji mnagawiwa kwa rangi. Na kaka yake Jackie, Mack Robinson, alikuwa ameshinda medali ya fedha mita 200 kwenye Olimpiki ya Berlin 1936, nyuma ya Jesse Owens. Aliporudi nyumbani, kazi aliyopata ni kufagia barabara usiku. Medali iko, mlango hakuna.

Na kabla hujasema hayo ni mambo ya Wamarekani: miaka hiyo hiyo huku kwetu watu wa milimani walikuwa wameunda Taita Hills Association, sababu kubwa ikiwa ni malalamiko ya ardhi. Mwaka 1940 serikali ya mkoloni ikapiga marufuku chama hicho, pamoja na KCA ya Wakikuyu na Ukamba Members Association, na viongozi wakawekwa kizuizini. Swali la bwawa la Pasadena na swali la mashamba ya Taita ni swali moja: hiki kitu ni cha nani?

Msimu wenyewe

Sheria kwa haraka, kwa asiyejua. Wachezaji 11 kila upande. Ukiwa na mpira una nafasi nne za kuusogeza yadi 10, karibu mita tisa. Ukifaulu unapata nafasi nne nyingine. Ukishindwa unaachia wenzako. Ukiufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho wa mpinzani unapata pointi 6. Ukiona ngumu, unaweza kuupiga kwa mguu upite katikati ya nguzo zilizosimama, upate pointi 3. Hiyo ya pointi 3 ikumbuke, itatusumbua baadaye.

Mechi ya kwanza, mwisho wa Septemba, UCLA ikakutana na TCU kutoka Texas, mabingwa wa nchi wa mwaka uliopita. UCLA 6, TCU 2. Watu wakaanza kuuliza hawa ni nani. Wakaenda Washington, wakashinda 14-7. Stanford ikawatangulia, wakasawazisha mwishoni, 14-14. Montana 20-6. Oregon 16-6, siku ambayo Robinson alifunga mara mbili, moja akitimka zaidi ya yadi 80. California 20-7. Halafu gari likaanza kukwama: Santa Clara 0-0, Oregon State 13-13. Wakaamka, Washington State wakapigwa 24-7.

Hesabu: mechi tisa, ushindi sita, sare tatu, kupoteza hakuna. Kocha wao, Babe Horrell, ndio kwanza msimu wake wa kwanza. Imebaki mechi moja tu, na ni ya USC.

Tarehe 9 Desemba

Siku hiyo Coliseum iliingia zaidi ya watu 100,000. Chukua watu wa mji wa Voi wote, ongeza na wa miji ya jirani, uwaketishe pamoja, na bado viti vitabaki. Atakayeshinda anaenda Rose Bowl, mechi ya Mwaka Mpya ambayo kila mwanafunzi mchezaji aliiota. Na Rose Bowl iko wapi? Pasadena. Mji ule ule wa bwawa la siku moja kwa wiki. Jackie angerudi nyumbani kama shujaa, mbele ya wale wale waliomwekea ratiba ya kuoga.

Mapema kwenye mechi USC walikaribia kabisa kufunga. Mchezaji wao Grenny Lansdell alikuwa anaingia mstarini, Robinson akamgonga, mpira ukamtoka, Strode akaulalia. Hatari imepita. Baada ya hapo ikawa ni kugongana tu, hakuna anayepita.

Dakika za mwisho UCLA wakaanza safari ndefu kutoka upande wao, yadi kwa yadi, mpaka wakafika yadi chache tu kutoka mstari wa USC. Nafasi ya kwanza, wapi. Ya pili, wapi. Ya tatu, wapi. Imebaki moja. Ule mpira wa nguzo wa pointi 3 uko hapo hapo unawaita. Ukiingia, wameshinda, na wanaenda Rose Bowl.

Wakakusanyika katikati ya uwanja na kupiga kura. Ndiyo, kura! Watano wakasema tupige nguzo, watano wakasema twende tutafute pointi 6. Wa kuamua akawa Ned Mathews, aliyekuwa akiita mipango ya timu. Akasema twende. Washington akarusha mpira kwa mwenzake aliyekuwa nyuma ya mstari, na beki wa USC, Bobby Robertson, akaupangua. Mechi ikaisha 0-0.

Sare ya nne. USC, waliokuwa na sare chache, wakapelekwa Rose Bowl, wakaifunga Tennessee 14-0. UCLA wakabaki nyumbani bila kupoteza hata mechi moja na bila kombe lolote.

Watu hubishana hadi leo ati Mathews alikosea. Mimi simlaumu. Waliamua wenyewe, kwa kura, bila kungoja mtu mzima awaambie. Kilichoniuma mimi ni kingine kabisa.

Majina 200

Tarehe hiyo hiyo, 9 Desemba 1939, mbali kule Milwaukee, timu za ligi ya kulipwa, NFL, zilikuwa kwenye kikao cha kuchagua wachezaji wanaomaliza chuo. Zilichagua majina 200. Kenny Washington, aliyekuwa ameongoza nchi nzima kwa yadi za kukimbia na kurusha msimu ule, aliyecheza dakika 580 kati ya 600 za timu yake, aliyetoka uwanjani siku ile huku watu wamesimama kumpigia makofi, hakuwa kwenye hayo majina 200.

Soma tena. Mia mbili!

Hakukuwa na sheria iliyoandikwa. Tangu 1934 wenye timu waliacha tu kuchukua weusi, na kila mmoja akajifanya hajui kwa nini. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kenny alicheza kwao, mbele ya watu 100,000, akatunzwa makofi, basi. Miaka sita iliyofuata aliicheza kwenye ligi ndogo za huko Pasifiki, magoti yakienda yakiisha. Kwa hivyo mtu akikuambia "jitume tu, kipaji kitaonekana", mwambie cha Kenny kilionekana na kila mtu. Walikiona, wakageuza uso.

Sasa mlango ulifunguliwaje? Hapa ndipo ninapotaka usome polepole.

Mapema 1946 timu ya NFL iitwayo Rams ilihama kutoka Cleveland kuja Los Angeles, na ikaomba kutumia Coliseum. Lakini Coliseum ulikuwa uwanja wa umma. Waandishi wa magazeti ya weusi wakaenda kwenye kikao cha kamati ya uwanja, na mmoja wao, Halley Harding, akasimama akauliza kwa adabu lakini kwa makali: uwanja huu umejengwa kwa pesa za wananchi wote, inakuwaje mnaupa timu isiyochukua baadhi ya wananchi hao? Kikao kikakosa jibu. Machi mwaka huo Rams wakamsajili Kenny Washington, na baadaye Woody Strode. Ukuta wa NFL wa miaka 12 ukaanguka, na ulioangusha haukuwa mguu wa mtu. Ni swali kuhusu pesa za umma.

Kenny alikuwa na miaka 27, magoti yameshachoka, akacheza misimu mitatu tu. Hata hivyo 1947 alitimka yadi 92 kwa mkupuo mmoja. Fikiria angeanza 1940. Strode baadaye akaingia filamu, utamwona kwenye Spartacus akipigana na Kirk Douglas. Na Jackie Robinson, unamjua: tarehe 15 Aprili 1947 akawa mweusi wa kwanza wa zama hizo kuingia ligi kuu ya besiboli. Wengi wanadhani hadithi yake ilianzia hapo. Ilianza kitambo, ndani ya timu ya wanafunzi iliyoshindwa kupata pointi tatu.

Ndege ya Nairobi

Tukimbie hadi 1959. Kenya bado ni koloni. Kijana wa Mwatate au Taveta aliyefaulu shule alikuwa na njia nyembamba mno kwenda mbele. Makerere, Uganda, nafasi chache. Nairobi kulikuwa na Royal Technical College iliyofunguliwa 1956. Uingereza, ukibahatika. Wengine, rudini mkawe makarani.

Tom Mboya, akiwa na miaka 28, akaenda Marekani kuzunguka na kuomba vyuo vya huko viwapokee vijana wetu. Vyuo vingi vikakubali kutoa ufadhili wa karo. Tatizo likawa kitu kidogo kinachotuua sote: nauli. Umepewa nafasi bure, lakini utafikaje?

Ikatungwa barua ya kuomba michango kwa Wamarekani wa kawaida. Ilikuwa na sahihi za watu watatu mashuhuri: mwimbaji Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier, na Jackie Robinson. Ndiyo, yule wa UCLA. Alikuwa ameshaacha besiboli, yuko kwenye kampuni ya kahawa na ana safu yake kwenye gazeti la New York Post. Pesa zikaingia, nyingine dola chache chache. Huku nyumbani nako familia na vijiji vikachanga, watu wakauza walichokuwa nacho. Waingereza wakanung'unika ati digrii za Marekani si za kiwango. Septemba 1959 ndege ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81.

Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya John F. Kennedy ukatoa dola 100,000, na ndani ya safari za 1960 alikuwemo msichana wa Nyeri aliyeenda kusoma baiolojia Kansas. Anaitwa Wangari Maathai. Nobel, 2004. Kufikia 1963 karibu vijana 800 walikuwa wamevuka. Wakarudi wakawa wahadhiri, mawaziri, madaktari, watu walioshika kazi za nchi mpya.

Na kuna kitu kimoja hapa kinanigusa sana: Jackie Robinson mwenyewe hakumaliza chuo. Aliondoka UCLA 1941 bila digrii, akiona haitamsaidia mtu mweusi kupata kazi, na akitaka kumpunguzia mama yake mzigo. Miaka 18 baadaye ndiye anayeweka sahihi ili mtoto wa Mkenya apate kile ambacho yeye alikiacha njiani.

Sisi sasa

Kila mwaka mashindano ya shule yakifika, tunaona vijana hapa Voi, Wundanyi, Mwatate na Taveta wakicheza mpira, wakikimbia, wakiruka, mpaka unashika kichwa. Wiki mbili baadaye imeisha. Wazazi wanasema rudi kwa vitabu, michezo haileti ugali. Sisi wa mitandaoni tunaposti video, tunaandika "kipaji hiki!", tunaenda kulala. Tunafanya kile watu 100,000 walimfanyia Kenny. Makofi.

Najua kuna atakayesema, "Lakini aliye bora kabisa hutoka tu, hata iweje." Nenda kamsome Kenny tena. Alikuwa bora kabisa, na alikaa nje miaka sita.

Mimi nadhani tuna maswali matatu ya kuuliza, na hakuna hata moja linalohitaji kipaji. La kwanza ni la Harding: huu uwanja ni wa nani? Kila uwanja wa umma katika kaunti hii umejengwa kwa pesa zetu. Nani anautumia, kwa ada gani, wasichana wanapewa siku ngapi? Kikao cha maoni ya bajeti kikiitishwa, tujae. Harding hakupiga kelele barabarani, aliingia kikaoni na swali moja lililonyooka.

La pili: chuo chetu kinafanya nini na wachezaji? Leo tuna chuo kikuu cha umma hapa hapa Voi, Taita Taveta University, kilichopewa hati yake 2016. Vijana wa 1959 hawakuwa na hicho, walilazimika kuvuka bahari. UCLA nayo ilikuwa kichanga, haina jina, na ilijijengea jina kwa kuwafungulia wale ambao wakubwa waliwakataa. Chuo kichanga kina nafasi hiyo.

La tatu ni letu sisi. Nani analipa nauli? Mara nyingi mtoto anayekosa majaribio ya timu Mombasa au Nairobi hakukosa uwezo. Amekosa nauli ya matatu na mia tano ya chakula. Tunachanga harusi, tunachanga mazishi, na tunafanya vizuri. Tuchange na safari.

UCLA ya 1939 haikushinda kombe. Ushindi sita, sare nne, basi. Lakini ukifuata vijana wake mmoja mmoja unafika NFL, unafika besiboli, unafika mpaka uwanja wa ndege wa Nairobi.

Sasa niambieni kwenye maoni: ni uwanja gani wa umma hapo kwenu ambao vijana wamefungiwa, au umegeuka malisho ya mbuzi? Andika mahali ulipo. Nataka tutengeneze orodha, na safari hii tuipeleke kikaoni.